Lori limepakwa rangi upya: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Kwenye gereji za Unga Limited, Arusha, lori likishapulizwa rangi linapigwa picha, linasifiwa, kesho yake linapakia. Jina la mwenye gari, sanduku la posta, uzito likiwa tupu na uzito wa juu likiwa na mzigo vimebaki chini ya rangi mpya. Ukiuliza kuhusu kuyaandika upya mlangoni, utajibiwa haya.

"Namba ya gari inatosha." Namba iko mbele na nyuma. Mwenye bodaboda aliyekwanguliwa ubavuni pale Sakina anachokiona ni mlango. Tena tela lina namba yake na kichwa kina yake, na leo kichwa hiki kinavuta tela hili, kesho lile. Jina la mlangoni ndilo linalomwambia mtu asiye na mfumo wa kompyuta ampigie nani kelele.

"Rangi ni yangu, haimhusu mtu." Kadi ya usajili inayotolewa na TRA imeandikwa rangi ya gari. Ukirudishia ileile, huna la kubadilisha. Ukitoka bluu kwenda nyeupe, peleka taarifa zibadilishwe kabla hujaingia barabarani. Trafiki aliyeshika kadi ya gari la bluu huku anatazama jeupe ana kila sababu ya kukagua na namba ya chesisi, na hapo hamwonei mtu.

"Nakili yaliyokuwepo." Hili ndilo linalogharimu watu pesa. Lori likiingia gereji kwa rangi, mara nyingi linatoka na bodi iliyoinuliwa, vyuma vya ziada, pengine na tangi la pili. Uzito wake mtupu si ule tena. Mlango ukisema tani 9 na gari sasa lina tani 10, unapakia tani moja ambayo huna nafasi nayo, kisha unakutana na mizani ya Njia Panda, Himo, inayopima gari lenyewe na wala haisomi mlango. Kwa viwango vya Afrika Mashariki ekseli moja yenye matairi mawili kila upande mwisho wake ni tani 10, na gari zima halivuki tani 56. Pima lori likiwa tupu, ndipo umwite fundi wa kuandika mlango.

"Herufi lazima ziwe inchi mbili." Maneno haya huokotwa kwenye video za Marekani, na hata huko si kweli. Sheria yao inataka jina la msafirishaji na namba ya USDOT, yaani namba anayopewa na Wizara ya Uchukuzi ya huko, pande zote mbili, kwa rangi inayopingana na ya gari, visomeke mchana kutoka futi 50, yaani kama mita 15. Inchi haikutajwa. Kipimo hicho hakikulazimishi wewe wa Moshi, ila kukijaribu uwanjani ni bure. Herufi za fedha juu ya rangi nyeupe, ninazoziona kila siku, hazifiki hata nusu ya umbali huo.

"Stika ibandikwe leoleo." Rangi iliyokauka juu bado inatoa tina (kimiminika cha kulainishia rangi) ndani. Ukiifunika, stika inaota malengelenge na kubanduka kwenye kona. Ipe kama wiki, na kwenye baridi ya Arusha ya Juni na Julai iongezee.

"Alama za tenka ni mapambo." Hapa sicheki. Kwenye bamba la rangi ya chungwa la lori la mafuta, 1203 ni petroli na 1202 ni dizeli. Lori likipinduka, Zimamoto wanasoma bamba hilo wakiwa mbali, na ndilo linalowaambia walete povu. Petroli huelea juu ya maji, kwa hiyo ukiimwagia maji unausafirisha moto. Fundi asilipulizie rangi bamba hilo. Alifungue kwanza, na kama limekwisha kufifia, linunuliwe jipya siku hiyohiyo ya rangi.