Finishi ya kinyago: rangi inayozama na rangi inayofunika

Niliwahi kununua simba mweusi kando ya barabara, muuzaji akiniapia kwamba ni mpingo mtupu. Nikamweka sebuleni juu ya kitambaa cheupe cha meza. Ulikuwa msimu wa joto, lile joto la pwani ambalo hata mshumaa hulegea bila kuwashwa. Wiki haikuisha, nilipomwinua kupangusa vumbi nikakuta ameacha nyayo nne nyeusi kwenye kitambaa.

Simba yule alichongwa vizuri tu. Kilichoniangusha ni finishi.

Mafundi wa vinyago wanaposema finishi wanamaanisha kazi yote inayofuata baada ya tezo na patasi kuwekwa chini: kupiga msasa, kutia rangi, kupaka mafuta au nta, kupiga vanishi. Kiswahili cha vitabuni kina neno umaliziaji, ila nenda karakana yoyote uone kama utalisikia. Na neno lenyewe la msasa lina habari yake. Kabla ya kuwa jina la karatasi ya dukani, msasa ni mti, majani yake yakikwaruza kama ulimi wa paka, na watu wakiyatumia kulainishia vyombo vya mbao. Karatasi ilipokuja ikarithi jina la jani.

Upande wa rangi ndio unaochanganya watu, kwa sababu neno "rangi" tunalitumia kwa vitu viwili visivyofanya kazi moja. Kipo kimoja kinachozama ndani ya mti na kingine kinachokaa juu yake. Mti ni kama fungu la mirija myembamba sana iliyolala pamoja. Rangi inayozama ni maji, spiriti au mafuta yaliyokolezwa rangi. Inaingia kwenye mirija hiyo, mbao inageuka kahawia au nyeusi, lakini ile mistari ya mti unaendelea kuiona. Rangi inayofunika, kama ile ya bati au ya geti, ni unga wa rangi uliochanganywa na kitu cha kugandisha. Ikikauka inakuwa ngozi juu ya mbao, mistari inapotea, na kinyago kingeweza kuwa cha mti wowote ule.

Kipi kitumike? Mara nyingi mti wenyewe ndio unaoamua.

Chukua mpingo. Kiini chake ni cheusi chenye wekundu wa zambarau kwa mbali, kimezungukwa na tabaka jembamba la rangi ya krimu. Ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini kinazama, na umeshiba mafuta yake wenyewe. Ndiyo maana viwanda vya Ulaya huununua kutengenezea klarineti na obo. Rangi ya kopo haiushiki vizuri, tena haihitajiki. Mmakonde anayechonga mpingo anasugua kwa msasa uliozidi kulainika hatua kwa hatua, anapaka nta kidogo, anasugua kwa kitambaa mpaka weusi unatoa mng'ao kutoka ndani. Mara nyingi huacha makusudi ukanda wa ile sehemu nyeupe, labda kwenye kisogo au chini ya kitako cha sanamu. Mnunuzi mjuzi huutafuta ukanda huo kabla hajauliza bei.

Wamakonde haohao, wakichonga lipiko, wanafanya kinyume kabisa. Lipiko ni kinyago cha ngoma, huvaliwa kichwani kama kofia ya pikipiki, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo wa kinyago. Nani atacheza usiku kucha na mpingo kichwani? Kwa hiyo huchongwa kwa mti mwepesi, mweupe, usio na sura ya kujivunia, na hapo rangi inayofunika inapata kazi yake halali. Uso hupakwa, chale hutengenezwa kwa nta, nywele za mtu hubandikwa kichwani. Kinachotakiwa ni mtu wa kuogopwa atokee uwanjani, na mti wenyewe haumhusu mtazamaji.

Sasa tuje kwenye jakaranda, maana huko ndiko simba wangu alikotoka. Kenya, uchongaji wa biashara wa Wakamba wa Wamunyu, huko Machakos, huhusishwa na mchongaji Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa miongo mingi wachongaji walitegemea mpingo na muhugu, miti migumu inayokua polepole, na wakaikata kuliko ilivyoweza kuota tena. Wakahimizwa kuhamia kwenye miti inayopandwa: jakaranda, mwarobaini, mwembe, mgrivea. Jakaranda, mgeni kutoka Amerika Kusini anayepamba mitaa ya miji yetu kwa maua ya zambarau, ni laini, mwepesi na unachongeka haraka. Lakini mbao yake imepauka kama uji wa maziwa, wakati jicho la mtalii limeshazoeshwa kwamba kinyago cha Afrika ni cheusi. Hapo rangi ikageuka kuwa nusu ya kazi.

Kazi hiyo ikifanywa sawasawa inapendeza kuitazama. Kwanza mti uwe umekauka. Kinyago cha mbao mbichi kitapasuka baada ya miezi, na ufa wake utafunguka mweupe katikati ya weusi kama jino. Halafu msasa: namba 80 ya kuondoa alama za patasi, 120, kisha 240. Fundi makini hapo hupitisha kitambaa chenye maji na kuacha kinyago kikauke. Nyuzi za mti zilizolala chini ya msasa zinasimama, ukipapasa unasikia kama kidevu kisichonyolewa jana. Anazikata kwa msasa wa mwisho. Ukiruka hatua hii, rangi ya maji itazisimamisha yenyewe na kinyago kitakwaruza kikiwa tayari kimepakwa.

Kisha rangi. Mwangalie akimpaka twiga: anachovya kitambaa, anakikamua, anapitisha kwa haraka kufuata urefu wa shingo, na kabla haijakauka anafuta iliyozidi. Akifika kwenye pua, ncha za masikio na kwato anapunguza mkono. Mahali hapo mirija ya mti imekatwa vichwa, midomo iko wazi, na inakunywa rangi kuliko ubavuni. Asipoangalia, twiga anatoka kahawia mwili mzima na pua nyeusi kama aliyeinusa sufuria. Wengine hupaka kwanza sila nyepesi, yaani kimiminika cha kuziba mirija ya mti, sehemu hizo ili zisinywe sana. Madoa ya mwili, kwa wengi, hayapakwi, huchomwa kwa chuma cha moto, na weusi wa moto haubanduki. Pundamilia ana raha yake: weupe wa jakaranda unaachwa ulivyo, fundi anaongeza michirizi tu.

Mwisho inakuja nta, na hapa ndipo penye siri ya nyayo zangu nne. Karakana nyingi hutumia rangi ya viatu, kiwi kama tunavyoiita. Si jambo baya. Kiwi ni nta iliyotiwa rangi na kulainishwa kwa kiyeyushi. Ikipakwa nyembamba juu ya mti uliokwisha kunywa rangi, kisha ikasuguliwa kwa brashi ya viatu, inatoa mng'ao mzuri, hata wachongaji wa mpingo halisi huigusisha kusawazisha michirizi ya kahawia. Ila nta haigandi kama rangi ya geti. Ikirundikwa nene kuwa ndiyo rangi yenyewe, joto likipanda inalegea na kuhamia kwenye chochote kilicho chini yake.

Binafsi sioni kosa kupaka jakaranda rangi nyeusi. Kosa ni kuiita mpingo. Ukitaka kujua, pima uzito kwa kiganja kwanza, kisha sugua chini ya kitako kwa pamba yenye tapentaini. Pamba ikitoka nyeusi, ina maana umefuta kiwi tu, na mpingo wenyewe huenda ukawa nao umepakwa. Tazama basi mbao iliyobaki hapo chini ina rangi gani.

Kuhusu vanishi nina machache. Inajenga ngozi ngumu na kuzuia unyevu, lakini haishiki juu ya nta, kwa hiyo anayetaka vanishi asianze na kiwi. Mafuta ya kitani hayana haraka: yanakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na katika kufanya hivyo yanatoa joto. Kitambaa chenye mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye kona ya karakana kinaweza kuwaka chenyewe. Kianike kimetandazwa nje, au kitie majini.

Vijiko vya saladi, bakuli na miiko ni habari nyingine. Mahali panapogusa chakula pasipakwe rangi wala kiwi. Mafuta ya kupikia yasiyonuka, kidogo tu na kufutwa, yanatosha. Kama mpini unapakwa mistari ya rangi, au ni gari la mbao la mtoto ambaye kila kitu anakipeleka mdomoni, soma kopo. Kenya na Tanzania zote zimeweka kikomo cha madini ya risasi kwenye rangi, sehemu 90 kwa kila milioni, na kopo lisilosema lolote kuhusu risasi ni afadhali libaki dukani.

Simba wangu nilimfuta kwa tapentaini jioni nzima. Chini ya weusi ikatokea mbao ya rangi ya maziwa, nikaipiga msasa na kuipaka nta isiyo na rangi. Pamoja na kusugua kote huko, kwenye mikunjo ya manyoya ya shingoni weusi uligoma kutoka. Nimeuacha hapohapo, maana umemfaa kuliko alivyokuwa mwanzo.