Uso wa Mteja Si Stika: Meme, Biashara na Sheria ya Data

Kila tunapozungumzia meme, yaani picha na video za utani zinazosambaa mtandaoni, na sheria ya data, jibu huwa lile lile: serikali sasa inataka kukataza watu kucheka. Hapana. Waswahili walikuwa na meme kabla ya simu. Jina la kanga linatoka dukani leo, kesho limejibiwa kwa kanga nyingine mtaa wa pili, na aliyelitunga hakuna anayemuuliza. Mwanabiolojia Richard Dawkins alipobuni neno meme mwaka 1976 alikuwa akieleza jambo la namna hiyo: wazo linalotoka kichwa kimoja kwenda kingine kwa kuigwa, likibadilika kidogo njiani.

Mwaka 2010 Wakenya walishindana kumtungia sifa Makmende. Lilikuwa jina la mtaani la zamani, la mtu anayejifanya jabali. Video ya kundi la Just a Band ikalifufua, watu wakalidaka. Lakini Makmende alikuwa mhusika wa kubuni, na aliyemwigiza alijua kamera iko wapi. Tarehe 8 Agosti 2017, mwanamume mmoja wa Kayole, Nairobi, alipigwa picha kwenye foleni ya kura akila githeri (mahindi na maharagwe) kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Muda si muda alikuwa amekatwa kutoka kwenye ile foleni na kubandikwa kila mahali, hata kando ya marais. Yeye alibahatika: taifa lilimpenda, kampuni zikamtafuta, na mwaka huo huo akatunukiwa nishani.

Wanaofika kwenye dawati letu la malalamiko ya data hawana bahati hiyo. Ni mteja aliyesinzia saluni, sasa ni stika, kipicha cha kutumiana kwenye WhatsApp. Ni mtoto aliyelia siku ya matokeo, na video imewekwa na shule yenyewe. Stika ndiyo inayotusumbua zaidi, kwa sababu picha ikishakatwa hivyo haibebi tena mahali, siku wala jina la aliyeipiga, na kila anayeituma anajiona hana hatia.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haihitaji kutaja meme. Picha inayomtambulisha mtu ni data binafsi, basi. Shughuli za mtu binafsi au za nyumbani tu zimeachwa nje, kwa hiyo utani wa grupu la familia yenu hatuushughulikii. Biashara inayotafuta wateja kwa uso wa mtu haiko sebuleni.

Na tafadhali, tuachane na visingizio hivi. "Niliipata kwenye Google" si idhini. Utepe mweusi machoni hausaidii kitu ikiwa mtaa mzima unamjua mtu kwa leso yake. Bango mlangoni linalosema "ukiingia umekubali kupigwa picha" pia si kinga, maana idhini lazima iwe wazi na ya hiari, mwenyewe anaweza kuiondoa wakati wowote, na ni kazi yako wewe uliyeichapisha kuthibitisha kwamba uliipata. Kwa mtoto, idhini hutoka kwa mzazi au mlezi. Mwalimu mkuu si mzazi.

Septemba 2023 Kamishna wa Data, msimamizi wa sheria hii, aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Naamini wengi hukosea hivi bila nia mbaya. Nia njema haifuti kosa.

Sasa utaratibu, ambao watu huuruka kisha wakalaumu ofisi. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna kwa mdomo au kwa maandishi, na mwenyewe au mwakilishi wake. Yakipelekwa kwa mdomo, huandikwa. Anayelalamikiwa hupewa nafasi ya kujibu. Uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kutoa ilani ya utekelezaji, yaani amri ya kurekebisha kosa, na anayeipuuza bila sababu ya msingi, akipatikana na hatia, hukabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Fidia nayo si ya hasara ya fedha pekee. Sheria inatambua pia mfadhaiko. Haya ni maelezo ya jumla, kila shauri huamuliwa kwa ushahidi wake.

Picha za utupu au faragha ni jambo jingine kabisa, linaloangukia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Hizo usituletee kwanza sisi. Nenda polisi.

Tukirudi kwenye malalamiko ya kwa Kamishna, ushahidi wengi huupoteza wenyewe. Mtu akiona uso wake, kwanza humpigia mwenye ukurasa simu kwa hasira. Ukurasa unafutwa, kisha anakuja kwetu mikono mitupu. Piga picha ya skrini kabla ya kupiga simu. Ionyeshe jina la ukurasa, tarehe na anwani ya chapisho. Ikiwa ni stika, hifadhi ujumbe wenyewe na namba iliyoutuma. Baada ya hapo, piga simu upendavyo.