Maneno marefu ya Kinorwe: kinachotushinda si urefu

Menneskerettighetsorganisasjonene. Herufi 33, na mwanafunzi wa Kinorwe akiliona tu anatamani kufunga daftari.

Dhana: Neno kama hilo hukaririwa zima zima.

Ukweli: Wanorwe wenyewe hawalikariri. Wanasikia menneske (binadamu), rettighet (haki), s ya kuunganishia, organisasjon (shirika), kisha -ene ya wingi. Sisi tungeanza na mashirika. Wao shirika huliweka mwishoni. Kwa hiyo maana itafute mkiani. Na hiyo g ya rettighet usihangaike nayo, haitamkwi.

Dhana: Mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Ukweli: Hiyo ni sheria ya Kiswahili, nasi tunasafiri nayo bila kujua. Sykehus, yaani hospitali, tunaitamka syKEhus, na msikilizaji anabaki kukodoa macho. Sahihi ni SYkehus. Chekechea ni BARnehage, si barneHAge. Neno la kwanza ndilo hubeba mkazo mkuu, pale pale lilipoubeba likiwa peke yake. La pili hubaki na mkazo hafifu. Ndiyo maana universitetsbibliotek, maktaba ya chuo kikuu, hukazwa kwenye -TET-: universitet lenyewe hukazwa hapo.

Dhana: Ukigawa silabi kwa silabi, utalisoma tu.

Ukweli: Tafuta kiungo kwanza, silabi baadaye. Chukua bildekk. Jicho linaona bilde, picha, halafu linakwama kwenye kk. Kumbe ni bil na dekk: tairi la gari. Kosa hili linasikika pia, kwa kuwa i ya bil ni ndefu na ya bilde ni fupi. Ukikosea kiungo, irabu nayo inaharibika.

Dhana: Kuacha nafasi katikati kunamsaidia msomaji.

Ukweli: Kunampoteza. Lammelår ni paja la mwanakondoo. Lamme lår ni mapaja yaliyopooza. Røykfritt hukataza sigara, ila røyk fritt humwambia mtu avute apendavyo! Wanorwe wengi hukosea hapa, na wenzao huwacheka, kama sisi tunavyomcheka anayeandika "ana soma".

Dhana: Ile s ya katikati ni pambo.

Ukweli: Mara nyingi inaonyesha neno limeungwa wapi. Glasi ya mvinyo ni vinglass, bila s. Ya mvinyo mwekundu ni rødvinsglass: s inakuambia rød na vin vinakwenda pamoja kabla ya glasi kufika. Herufi nyingine, kinyume chake, hufichwa. Natt (usiku) na tog (treni) zingeleta t tatu, lakini huandikwa nattog. Neno likikatwa mwisho wa mstari, t iliyofichwa hurudi: natt-tog.