Programu zinazojiamsha zenyewe: ipi uizime, ipi uiache

Kuna watu wakishawasha kompyuta huenda kuoga, na wakirudi bado inahema. Mara nyingi shida iko kwenye foleni ya programu zinazojiamsha pindi tu unapoingiza nywila. Foleni hiyo haijafichwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha ingia sehemu ya Startup, ambayo Windows 11 inaiita Startup apps. Wengi wakifika hapo huganda, maana wameshasikia mengi.

Dhana: Ukizima usichokijua, kompyuta haitawaka tena

Windows haiitegemei orodha hii ili iwake. Kiini cha mfumo, draiva (programu zinazoendesha vifaa) na huduma za ndani (programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia) huwa zimeshaanza kazi kabla orodha haijasomwa. Hata ukizima mistari yote, skrini itafunguka kama kawaida. Tena Disable, yaani kitufe cha kuzima mstari, haifuti kitu: programu inabaki mahali pake, na hata maelezo yake kwenye rejista, daftari la mipangilio ya Windows, hayaguswi. Windows inaweka tu alama pembeni kwamba huyu asiamshwe. Ukimhitaji, unamfungua mwenyewe kwa kubofya. Ukijuta, unabofya Enable na yameisha.

Kero ndogondogo zipo, sikatai. Mimi usiku mmoja nilizima kila kitu kwa hasira, asubuhi nikakuta kishale kwenye skrini kinatembea vizuri lakini vidole viwili havisogezi tena ukurasa. Kumbe mmoja wa mistari niliyoizima ulikuwa wa padi ya kugusa. Nikaurudisha, nikawasha upya, mambo yakatengemaa. Tangu siku hiyo nazima miwili au mitatu kwa wakati mmoja, natumia mashine siku nzima, ndipo naendelea. Ukizima kumi kwa mkupuo na kitu kikagoma, utajuaje ni upi?

Dhana: Palipoandikwa High ndipo pa kuzima

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Safu ya Startup impact inapima uzito, haipimi umuhimu. Programu hupewa High ikitumia zaidi ya sekunde 1 ya kichakataji, au ikisoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuanza. MB 3 ni kitu gani siku hizi? Antivirusi uliyoweka mwenyewe inaweza kuwa High na hupaswi kuigusa. Kwa upande mwingine, programu yenye Low inaweza kuingia kimyakimya kisha ikakalia kumbukumbu mchana kutwa, na kipimo hicho hakitakwambia.

Swali ninalojiuliza mimi ni moja: hii isipoamka mpaka niiite, kitu gani kitasimama?

Spotify, Steam, programu za mikutano ya video: hakisimami kitu. Zima bila wasiwasi. Programu za kutumiana ujumbe, utachelewa tu kupata taarifa hadi uzifungue. Msaidizi wa printa naye anaweza kulala, kwa sababu kazi ya kuchapa inaendeshwa na huduma ya Windows yenyewe. Utakachokosa aghlabu ni tahadhari za wino. Vya sauti, padi ya kugusa na kadi ya picha viache, isipokuwa unajua unachokifanya.

Ila zile zinazopeleka mafaili yako mtandaoni, kama OneDrive, Dropbox na Google Drive, ndizo za kufikiria mara mbili. Mtu huzizima kwa sababu ni nzito, na siku ya kwanza mara nyingi haoni tofauti yoyote. Mafaili yaliyohifadhiwa kwenye mashine yenyewe yako palepale, yanafunguka, hakuna onyo jekundu. Kinachosimama ni safari ya mafaili kwenda kwenye hifadhi. Wiki mbili baadaye diski inakufa, anafungua akaunti yake kwenye kompyuta nyingine na kukuta kazi ya mwisho ni ya siku ile aliyobofya Disable. Kama hutumii huduma hiyo kabisa, zima. Kama nakala zako za akiba ziko huko, vumilia hizo sekunde chache.

Dhana: Jina geni ni kirusi, jina la Windows ni salama

Yote mawili si kweli. SecurityHealthSystray.exe ni jina la kutisha, lakini kazi yake ni kuonyesha tu kile kialama cha Windows Security karibu na saa. Ukiizima, kialama kinatoweka na ulinzi unaendelea, kwa kuwa ulinzi wenyewe ni huduma. Svchost.exe nayo ni faili halali la Windows, linakaa C:\Windows\System32, lakini huamshwa na mfumo, haliamshwi na orodha hii. Ukilikuta limejipanga hapa, lichunguze.

Namna ya kuchunguza ni hii. Bofya kulia juu ya vichwa vya safu, uchague Command line. Sasa kila mstari unaonyesha faili lake linatoka folda gani. Folda ya Temp, ya mafaili ya muda, ni dalili mbaya. AppData, folda ya data za programu, peke yake si ushahidi, maana Discord na Spotify nazo hukaa humo. Na ukiona mstari ulioandikwa Program tu, wenye picha nyeupe tupu na bila jina la mtengenezaji, usiruke: mara nyingi ni mabaki ya programu uliyoiondoa zamani, au njia ya faili iliyoandikwa bila alama za kunukuu, Windows ikaishia kusoma neno la kwanza la Program Files. Lakini ukithibitisha ni kirusi kweli, Disable si tiba. Hapo unahitaji kuiskani mashine nzima.

Dhana: Nimeizima, basi imekoma

Imekoma kupitia mlango huo mmoja. Programu nyingi zina mlango wa huduma na mlango wa Task Scheduler (ratiba ya kazi ya Windows), na Task Manager haiionyeshi milango hiyo kwenye Startup. Vivinjari kama Chrome na Edge hujisasisha kwa njia hizo, na ni vizuri viachwe vijisasishe. Nyingine hujirudisha kwenye orodha baada ya toleo jipya kuingia, kwa hiyo dawa ni kufungua mipangilio ya programu yenyewe na kuondoa tiki ya kuanza pamoja na Windows.

Anayetaka kuona milango yote atumie Autoruns ya Sysinternals, inayotolewa bure na Microsoft. Ondoa tiki, usifute. Na humo tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu zinaonekana draiva na huduma ambazo mfumo unazitegemea kwelikweli.

Dhana: Nikizima zote, itawaka kwa sekunde chache

Orodha hii inagusa muda unaokuja baada ya nywila. Nembo ikikaa muda mrefu kabla hata ya kuulizwa nywila, tatizo liko kwingine, na kama bado unatumia diski ngumu ya kuzunguka, kuhamia SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kutasaidia kuliko kuzima mistari ishirini. Juu pembeni mwa sehemu ileile ya Startup, kwenye mashine nyingi utaona Last BIOS time na idadi ya sekunde. Hizo zimetumika kabla Windows haijashika usukani, na hakuna Disable inayozifikia.