Je, Wajua Kwa Nini Heka Hupimwa Hatua Sabini kwa Sabini?

Nenda ukakodi shamba la mpunga Mbarali, la viazi Umalila au la mahindi huko Mbozi, utakutana na utaratibu uleule. Mwenyeji anachomeka kijiti kwenye kona, anaanza kutembea huku akihesabu kwa sauti, akifika sabini anachomeka kingine, anageuka na kuhesabu sabini nyingine. Hiyo ndiyo heka. Watoto wanalijua hilo kabla hawajafundishwa darasani mita ya mraba ni nini. Lakini kwa nini sabini? Kwa nini isiwe hamsini, au mia, ambayo ni rahisi zaidi kuikumbuka?

Hatua hizo kwa asili ni yadi. Yadi ni kipimo cha Waingereza chenye futi 3, yaani inchi 36. Mwaka 1959 nchi kadhaa zinazotumia vipimo hivyo, zikiwamo Uingereza na Marekani, zilikubaliana kwamba yadi moja ni mita 0.9144 kamili. Kabla ya hapo yadi ya London na ya Washington zilipishana kwa kiasi kidogo mno, kiasi cha kumsumbua fundi wa mitambo lakini si mkulima. Na heka, au ekari kama vitabu vinavyoiita, ni yadi za mraba 4,840. Chukua sabini uzidishe kwa sabini: unapata 4,900. Zimezidi 60 tu, kama asilimia moja na kitu. Hakuna namba nzima nyingine inayokaribia hivyo, maana 69 kwa 69 inatoa 4,761. Aliyechagua sabini alijua hesabu yake, na mguu aliokuwa akiuwazia ulikuwa unaruka sentimita 91.

Namba 4,840 yenyewe inaonekana ya ajabu hadi ujue ilikotoka. Uingereza ya zamani ililimwa kwa maksai, na kazi inayochosha kwa maksai ni kugeuza plau mwishoni mwa mfuo. Yeyote aliyelima kwa ng'ombe kule Usangu anajua hilo. Ndiyo maana mashamba yao yalikuwa marefu na membamba: yadi 220 kwa urefu, yadi 22 kwa upana, kipande ambacho ng'ombe wangeweza kukimaliza kwa siku moja ya kazi. Zidisha upate 4,840. Mwaka 1620 Mwingereza Edmund Gunter alitengeneza mnyororo wa kupimia ardhi wenye urefu wa yadi 22 na pingili 100, na wapimaji wakautumia kwa karne nyingi. Minyororo 80 ni maili moja, yaani yadi 1,760. Vipimo vyote hivi vinavyoonekana kama vimeokotwa ovyo vinatoka kwenye familia moja.

Kinachochekesha ni kwamba Nyanda za Juu Kusini zilitawaliwa na watu wa mita kabla ya watu wa yadi. Wajerumani waliojenga boma Iringa walikuwa wanatumia mita na hekta, kwa sababu nchi yao iliingia kwenye vipimo hivyo mwaka 1872. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja na yadi, futi na ekari zao. Baada ya uhuru tukarudi kwenye mita. Leo takwimu za kilimo serikalini zinaandikwa kwa hekta na hati za viwanja kwa mita za mraba, lakini bei ya kukodi shamba, malipo ya trekta na ujira wa palizi vyote vinatajwa kwa heka. (Na kuwa makini na hekta na heka kwenye karatasi za mkopo: hekta moja ni karibu heka mbili na nusu.)

Sasa tatizo. Yadi imesahaulika shambani, hatua imebaki. Na hatua ya kawaida ya mtu mzima anayetembea bila kujilazimisha ni kama sentimita 75, si 91. Mtu wa namna hiyo akihesabu sabini anafika mita 52 na nusu. Zidisha pande mbili: mita za mraba 2,756. Heka halisi ni mita za mraba 4,047. Maana yake umelipia heka moja ukapewa theluthi mbili tu na kidogo cha juu, na hakuna aliyekudanganya kwa maneno. Alihesabu mbele yako. Mwenye hatua ya sentimita 85 anakupa asilimia 87 hivi. Na mrefu anayetupa hatua ya mita nzima anakata mita za mraba 4,900, heka moja na sehemu moja ya tano ya heka nyingine.

Ni mbaya kiasi hicho kwa sababu kosa linazidishwa mara mbili. Hatua ikipungua kwa asilimia 18 upande mmoja, shamba halipungui kwa 18, linapungua kwa karibu 33. Watu wengi hudhani hatua fupi kidogo inakula shamba kidogo. Inakula sana.

Ukikaa pembeni ukatazama, utaona pia kwamba miguu ina masilahi. Mwenye shamba anayekodisha hutembea taratibu. Anayekodi, akipewa nafasi ya kupima, anakuwa kama anaruka mitaro. Dereva wa trekta analipwa kwa heka, kwa hiyo kwake heka fupi ndiyo tamu, na vibarua wa palizi hali kadhalika. Mimi sioni wizi wa makusudi katika sehemu kubwa ya haya. Kila mtu ana mguu wake, ila mguu nao una mwenyewe.

Kuna njia ya kukagua baadaye bila kugombana. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mbegu moja kila shimo, heka halisi inachukua mashina yapatayo 18,000. Shamba la yule wa sentimita 75 litachukua kama 12,200. Kwa hiyo mbegu zikikubakia nyingi na ulifuata nafasi vizuri, usimlaumu muuza mbegu. Mbolea nayo inahusika: mfuko uliopangiwa heka nzima ukimwagwa kwenye theluthi mbili unakuwa umezidisha dozi kwa karibu nusu, na hela imeenda.

Yadi hiyohiyo iko pia Uwanja wa Sokoine pale Mbeya, kila wikiendi yenye mechi. Mtangazaji anaposema mshambuliaji ameangushwa "ndani ya kumi na nane", wengi husikia mita 18, na wapo watangazaji wanaolitamka hilo neno mita kabisa. Ni yadi 18, ambazo ni mita 16.5. Eneo la hatari kwa umbo lake la sasa lilichorwa mwaka 1902, na sheria za mpira zilikuwa za Waingereza, hivyo karibu kila mstari ni yadi iliyovalishwa mita: penalti inapigwa kutoka yadi 12, ambazo ni mita 11, na goli lina upana wa yadi 8, yaani mita 7.32. Ukuta wa mpira wa adhabu hukaa yadi 10, mita 9.15, na hapo mwamuzi anafanya kilekile cha mwenye shamba, anahesabu hatua kumi. Tofauti ni kwamba mwamuzi hujizoeza hatua ya kufika hapo, na wachezaji ndio wanaosogea kinyemela.

Sokoni Mwanjelwa ndiko yadi bado inatajwa kwa jina lake, kwa wauza vitenge vya yadi sita. Hapo hakuna ugomvi, kitambaa kinapimwa kwa fimbo au kwa tepu na kila mtu anaona.

Kwetu milimani kuna jambo la ziada. Mpimaji wa ardhi na simu yenye GPS hupima kama ramani inavyoona, kutoka juu, kwa usawa. Mguu hupima kwa kufuata mteremko. Huko Makete, Kilolo au Rungwe, kipande kilichoinama nyuzi 20 kinaonekana kidogo kwa asilimia 6 kwenye simu kuliko kwenye hatua, hata kama aliyetembea alikuwa mwaminifu na mguu wake ni yadi kamili. Kwa hiyo simu ikikuletea pungufu kidogo kwenye shamba la mteremko, usikimbilie kumshitaki mtu kwa mwenyekiti wa kitongoji. Pungufu la asilimia 30 ni habari nyingine.

Kona nazo zinahesabiwa. Pande nne za sabini hazitoshi kama shamba limepinda kama karata iliyosukumwa pembeni; kona ikibanwa hadi nyuzi 60, asilimia 13 ya eneo imepotea. Mafundi ujenzi wana dawa yake: pima mita 3 upande mmoja kutoka kwenye kona, mita 4 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima ziwe mita 5. Zisipofika, kona imebanwa.

Ukitaka heka isiyo na maswali, acha miguu ukate kamba ya mita 63 na sentimita 60, uzungushe pande nne. Zaidi ya hapo angalia kamba yenyewe. Ya plastiki hurefuka ikivutwa kwa nguvu, na ya katani hujikunja ikilowa, kwa hiyo iliyokatwa wakati wa kiangazi ipimwe upya kwa tepu kabla ya kuitumia mvua za Desemba zikishaanza.