Saratani ya titi ya hatua sifuri: maana yake nini?

Daktari akisema "ni saratani, ila ipo hatua sifuri", wengi hubaki na neno la kwanza tu. Hiyo sifuri haisikiki.

Titi lina mifereji midogo inayopeleka maziwa kwenye chuchu. Katika hatua sifuri, seli zilizoharibika zipo ndani ya mfereji na hazijautoboa ukuta wake. Watu wa Newala na Tandahimba waifikirie korosho ghafi. Ganda lake lina mafuta makali yanayobabua vidole vya mbanguaji, lakini likiwa zima unaifunga korosho kwenye pindo la kanga na kwenda nayo popote. Shida ni kwamba kwenye titi hakuna awezaye kukuhakikishia ganda lipi litapasuka. Mengine hayapasuki maisha yote.

Mara nyingi hata uvimbe wa kushikika haupo. Picha ya mamografia, yaani eksirei ya titi, huonyesha vidoa vya chokaa, kisha kinyama kinakatwa na kupimwa maabara.

Dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, hazihitajiki hapa. Daktari anaweza kutoa sehemu yenye ugonjwa pamoja na ukingo mdogo wa nyama isiyo na ugonjwa, au kutoa titi zima. Anayetolewa sehemu kwa kawaida huongezewa mionzi, ambayo hupunguza kwa karibu nusu uwezekano wa ugonjwa kurudi kwenye titi hilo. Anayetolewa titi zima kwa kawaida haihitaji. Kwa urefu wa maisha, njia hizi mbili hazipishani sana. Wenye seli zinazochochewa na homoni wanaweza kupewa pia vidonge vya tamoksifeni, kwa kawaida miaka 5.

Hapo ndipo umbali unapoingia kwenye uamuzi. Wagonjwa wengi wa kusini hufuata mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, na mionzi hupigwa siku za kazi kwa wiki kadhaa. Mama asiye na pa kufikia Dar akichagua titi litolewe lote, sioni ujinga hapo, amepiga hesabu. Ila hesabu aipige mwenyewe, isije ikamalizwa kwenye kikao cha wajomba huku mwenye titi yuko jikoni anachemsha chai. Na muda anao: wiki chache za kuuliza na kutafakari kwa kawaida hazimdhuru.

Kuna wanaouliza kama kisu ni lazima. Utafiti wa COMET wa Marekani, uliotoa matokeo mwishoni mwa 2024, ulihusu wanawake wenye aina isiyo kali. Ndani ya miaka 2, waliofuatiliwa kwa karibu hawakupata saratani iliyotoboa ukuta kwa wingi zaidi kuliko waliopangiwa upasuaji. Miaka 2 ni michache, na kufuatiliwa huko ni mamografia kila miezi 6. Kwa mtu wa Nanyumbu, huko huko Mtwara, hiyo nayo ni nauli.