Nanotyubu za kaboni kwa fyueli seli: zinafanya nini hasa?

Kila nikisema fyueli seli, yaani kifaa cha kutengeneza stima kwa hidrojeni na hewa, ina kaboni ndani, mtu ananiuliza kwani inachoma makaa? Hapana, hakuna kinachochomwa hapo. Hidrojeni inaingia upande mmoja na kugawanywa kuwa protoni na elektroni, hewa upande mwingine, katikati kuna utando unaopitisha protoni peke yake, sasa elektroni zikinyimwa njia inabidi zizunguke kwa waya na hiyo ndio stima yako, halafu protoni na elektroni zinakutana na oksijeni ng'ambo unapata maji. William Grove alionyesha hii kitu 1839, so si mambo ya juzi.

Shida ni platinamu, madini ya kuharakisha kazi hiyo. Bila hiyo kazi inajikokota, hasa upande wa oksijeni, na bei yake unaijua, ni kitu ya masonara. So wanaitumia kama vichembe vya nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache tu, vinatandazwa juu ya kaboni nyeusi, yaani masizi, ndugu ya yale ya sufuria ila safi na laini zaidi. Umeme yanapitisha sawa, lakini ukiwasha na kuzima gari la fyueli seli kila siku yanaliwa polepole kama bati lililoshika kutu, platinamu inabanduka ama inajikusanya madonge, na ikishakuwa madonge sehemu kubwa imefichika ndani haina kazi.

Sasa umeona mafundi wa Kamukunji wakikunja bati kuwa bomba? Fikiria bati la unene wa atomu moja ya kaboni, likunje, unapata mrija wa upana kama nanomita moja, na unywele wako ni kitu kama nanomita 80,000. Hiyo ndio nanotyubu, na wazo ni ibebe platinamu badala ya masizi. Kuna za ukuta mmoja na za kuta nyingi, mrija ndani ya mrija, kama sufuria zikipangwa dukani. Atomu zimeshikana vizuri so haziliwi haraka kama masizi, na umeme unateleza tu.

Lakini ulaini huo huo ndio kero, platinamu haina pa kushika! Inabidi zichemshwe na asidi ya nitriki zipate vikwaruzo, na ukizidisha umeharibu ule uimara uliokuwa unautafuta. Kwangu kazi ngumu iko hapa, si kwa zile picha za kupendeza.

Mwaka 2009 timu ya mwanasayansi Liming Dai huko Marekani ilitia nanotyubu naitrojeni, zikafanya kazi ya oksijeni bila platinamu kabisa, tena poa sana, ila hiyo ilikuwa kwenye alkali, kinyume cha asidi. Gari kama Toyota Mirai utando wake ni wa asidi, na huko platinamu bado ndio mdosi.